Kabla hujanunua globu za LED: kioo, waya na ukuta

Dereva wa Kigoma au Tabora akilalamika kwamba taa zake hazioni, jambo la kwanza analotajiwa ni globu za LED, zile zenye boksi lililoandikwa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 20,000. Muuzaji atakuuliza kama gari lako linatumia globu aina ya H4 au H7. Hatakuuliza kioo cha taa kikoje, ni volti ngapi zinafika kwenye soketi, wala mwanga unalenga wapi. Na hayo matatu ndiyo yanayoamua kama utaiona baiskeli iliyobeba mkaa gizani ukiitafuta Urambo, au utaona weupe wa vumbi tu huku unayepishana naye anakulaani.

Mpangilio unaofaa ni huu: kioo kwanza, kisha umeme, kisha ulengaji, globu mwisho. Wengi wanaanza na globu, na gari nyingi zikishafanyiwa yale matatu hazihitaji globu mpya kabisa.

Kioo

Kioo cha taa za gari za miaka hii ni plastiki ya polikaboneti yenye tabaka jembamba la kuzuia miale ya jua. Tabaka hilo likichoka, plastiki inageuka njano na kupata ukungu. Mwanga unaokwenda mbele unapungua, na unaobaki unatawanyika, hivyo ule uliotakiwa kukaa chini unapanda hadi machoni mwa anayekuja. Ukiweka globu kali nyuma ya kioo cha namna hiyo, unachoongeza zaidi ni huo uliotawanyika.

Kukisafisha ni kazi ya mchana mmoja. Osha taa, zungushia bodi tepu ya karatasi mara mbili, kisha piga msasa wa maji namba 800 kama njano imekolea, au anza na 1000 kama ni kidogo. Endelea na 1500, kisha 2000. Badili mwelekeo kila unapobadili namba, huku mlalo, huku wima, ili uone kama mikwaruzo ya msasa uliotangulia imekwisha. Maji yasikauke hata kidogo, na tone la sabuni linasaidia. Maji yanayotiririka yataanza ya njano. Yakiwa meupe kama maziwa kila mahali, tabaka la zamani limeondoka. Kosa la kawaida ni kuishia katikati na kuacha njano pembeni, karibu na tepu.

Hapo usipige polishi kama unataka kupaka kliya (vanishi inayopitisha mwanga), kwa sababu kliya inahitaji uso wenye mikwaruzo midogo ili ishike. Futa kwa spiriti, siyo thina. Thina inapasua polikaboneti, na nyufa zenyewe unaweza kuziona wiki inayofuata. Pulizia kliya yenye kinga ya jua, tabaka mbili au tatu nyembamba, ukiacha kila moja kama dakika 10. Kama ni kliya ya kuchanganya na hadina, vaa barakoa ya wapiga rangi, kwa maana mvuke wake una madhara kwa mapafu. Dawa ya meno inang'arisha kwa muda mfupi tu, kwa kuwa haiachi kinga yoyote, na jua la Tabora la mwezi wa tisa halina huruma.

Kama ukungu uko ndani, tafuta mpira wa mfuniko wa nyuma uliopotea au tundu la kupumulia lililoziba. Kama rangi ya fedha ya bakuli la ndani, lile linaloakisi mwanga, imebanduka, hakuna globu itakayosaidia. Badilisha taa nzima.

Umeme unaofika kwenye globu

Globu ya H4 ya volti 12 ni wati 60 kwa fulu (mwanga wa mbali) na 55 kwa dimu (mwanga wa chini). Ikipata volti 13.2 inatoa takriban lumeni 1,000 kwa dimu na 1,650 kwa fulu. Lakini mwanga wa halojeni haushuki sambamba na volti. Ukipoteza asilimia 10 ya volti, unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Gari ambalo soketi yake inapata volti 11.8 linatoa dimu ya lumeni kama 680 tu, na mwenye gari anadhani globu ni feki.

Pima hivi. Washa injini, iache kwenye mizunguko kama 1,500, washa dimu. Weka maltimita (kipima volti) kwenye betri. Inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa chini ya 13.5, anza na mkanda wa alteneta na alteneta yenyewe, taa haina kosa. Kisha pima nyuma ya soketi, globu ikiwa imechomekwa na inawaka. Kupima soketi tupu ni kujidanganya, kwa sababu waya mbovu huonyesha volti kamili hadi utakapoupa mzigo. Tofauti kati ya betri na soketi ikiwa nusu volti au pungufu, acha. Ikifika volti moja au zaidi, kazi iko hapo.

Tafuta upotevu uko upande gani: ncha moja ya maltimita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye mdomo wa chanya wa globu. Halafu fanya vivyo hivyo upande wa hasi. Mara nyingi utakuta ethi, yaani waya wa hasi, imefungwa kwenye bodi yenye kutu. Kwangua mpaka bati ling'ae, funga upya, paka grisi. Hiyo haigharimu kitu.

Ikiwa upotevu uko upande wa chanya, umeme unapita njia ndefu kwenye swichi ya usukani na waya mwembamba wa miaka 20. Dawa yake ni rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo) mbili za ampea 30, moja ya dimu na moja ya fulu. Waya wa milimita za mraba 2.5 utoke kwenye betri, upite kwenye fyuzi ya ampea 15 kwa kila rilei, fyuzi ikae karibu kabisa na betri, uingie mguu namba 30 na kutokea namba 87 kwenda kwenye taa. Miguu 85 na 86 inapokea amri tu kutoka soketi ya zamani. Swichi sasa haibebi mzigo, inabeba amri.

Hapa kuna mtego unaowachanganya mafundi wengi. Toyota nyingi, hasa Land Cruiser na Hilux za zamani, zinakata umeme upande wa hasi: mdomo wa pamoja wa H4 una chanya, na swichi inachagua dimu au fulu kwa kuunganisha hasi. Rilei zikifungwa kwa mchoro wa gari za Ulaya, taa zinawaka nusu nusu, au kitaa cha bluu cha fulu kwenye dashibodi kinagoma. Kulijua hilo ni rahisi. Chomoa soketi, washa dimu, weka ncha nyeusi ya maltimita kwenye bodi na utafute mdomo wenye volti 12. Kisha badili kwenda fulu. Volti zikihamia mdomo mwingine, gari linakata chanya. Zikibaki palepale, linakata hasi. Jambo hilohilo ndilo linalofanya globu fulani za LED zisiwake kwenye Toyota hizo hata zikiwa mpya: hazikubali chanya na hasi kugeuzwa.

Zile globu za wati 100/90 ziacheni dukani. Mbili zikiwa kwenye fulu zinavuta zaidi ya ampea 14, soketi inayeyuka, bakuli la plastiki linaungua, na hazijaidhinishwa kwa matumizi ya barabarani.

Ukutani

Taa iliyolengwa vibaya haifai hata ikiwa ya gharama kiasi gani. Unahitaji sakafu iliyo sawa na ukuta ulionyooka: ghala, au uzio wa kituo cha mafuta baada ya kuomba ruhusa. Nenda jioni giza likiingia. Jaza upepo kwenye matairi kwa kipimo chake, mtu akae kiti cha dereva, na kitufe cha kushusha taa, kile chenye namba 0 hadi 4 au 5 karibu na usukani, kiwe kwenye 0.

Sogeza gari mpaka karibu iguse ukuta. Weka alama ya tepu, mlalo na wima, usawa wa katikati ya kila taa; taa nyingi zina kidoti kidogo kwenye kioo kinachoonyesha globu ilipo. Rudi nyuma mita 10 kwa mstari ulionyooka, washa dimu. Utaona mstari wa mwanga na giza: upande wa kulia umelala, upande wa kushoto unapanda. Hiyo ni kwa sababu sisi tunaendesha kushoto. Mwanga unapanda kuelekea ukingo wa barabara, waliko waenda kwa miguu, na unabaki chini upande wa anayekuja.

Kwa taa iliyo chini ya sentimita 80 kutoka ardhini, ule mstari uliolala ukae sentimita 10 chini ya alama. Kwa taa zilizokaa juu zaidi, za Land Cruiser zilizoinuliwa au Fuso, shusha hadi sentimita 15. Kona, pale mstari unapoanza kupanda, iwe kwenye alama ya wima ya taa hiyo au kushoto kidogo, kamwe isivuke kwenda kulia. Rekebisha taa moja moja kwa bisibisi nyota au spana namba 8, na ile nyingine uifunike. Usiifunike kwa muda mrefu, maana halojeni ina joto la kuyeyusha kioo cha plastiki chini ya nguo. Nafasi ikikosekana, simama mita 5 na upime sentimita 5.

Sentimita 10 kwa mita 10 zina maana gani barabarani? Mwanga wa taa iliyo sentimita 70 kutoka ardhini unagusa ardhi mita 70 mbele. Kwa kilomita 80 kwa saa unasafiri mita 22 kila sekunde. Kushtuka na kukanyaga breki kunakula zaidi ya mita 30, na kusimama kwenye lami kavu kama 35 nyingine. Dimu iliyolengwa sawasawa inakutosha kwa shida. Kwenye kokoto na vumbi, breki inahitaji karibu mita 60 peke yake, kwa hiyo kilomita 80 kwa dimu kwenye barabara ya vumbi ni mwendo unaozidi taa yako, hata ukinunua globu za bei gani. Na fundi aliyeshusha taa sentimita 20 ili trafiki wasikusumbue amekuachia mita 35.

Halafu mzigo. Probox ina takriban mita 2.55 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukipakia madumu ya mawese kutoka Simbo na nyuma ikashuka sentimita 5, mwanga unapanda karibu sentimita 20 kwenye ukuta wa mita 10. Ule mstari uliokuwa sentimita 10 chini sasa uko 10 juu, na kila unayekutana naye anapiga fulu kukulalamikia, nawe unaona mbele vizuri na kushangaa wanataka nini. Ndiyo kazi ya kile kitufe: zungusha kwenda 2 au 3 kabla ya kuondoka. Kama gari halina kitufe na kila siku limebeba mpunga au asali ya Sikonge, lilenge taa likiwa na mzigo wake wa kawaida.

Sasa globu

Itoe H4 ya halojeni uitazame kwa karibu, ukiishika kwenye bati na si kwenye kioo, kwa sababu mafuta ya vidole yanakiunguza. Kuna nyuzi mbili. Ule wa dimu, ulio mbele, umewekewa kikombe kidogo cha bati chini yake. Kikombe hicho kinazuia mwanga usipige nusu ya chini ya bakuli la taa, na ndicho kinachochora ule mstari uliouona ukutani. Bakuli lote limepigiwa hesabu kwa uzi wenye urefu wa milimita chache uliokaa mahali pamoja. Chanzo cha mwanga kikisogea hata milimita moja au mbili, au kikiwa kinene kuliko uzi, hesabu inavurugika na mwanga unatupwa juu.

Kwa sababu hiyo zenoni za kubandika, zile seti za balasti (kifaa cha kuendeshea globu) na globu za H4 au H7 ndani ya taa ya halojeni, hazifai kabisa. Mwanga wake unatoka kwenye tao la umeme lenye umbo tofauti na uzi, tena ni mara mbili hadi tatu kwa wingi. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa na watengenezaji wa Ulaya na Japani zinataka chanzo chochote cha dimu kinachozidi lumeni 2,000 kiwe na kifaa cha kujishusha chenyewe na cha kuosha kioo. Seti ya mtaani haina hata kimoja.

Zenoni za kiwandani ni jambo lingine, na gari nyingi za Japani zinakuja nazo. Soma herufi kabla ya kununua: D2S au D4S ni ya taa yenye lenzi ya duara ndani, D2R au D4R ni ya taa ya bakuli na ina rangi ya kuzuia mwanga iliyopakwa kwenye kioo chake. D2 na D4 hazibadilishani, kwa kuwa volti zake za kuendeshea ni tofauti: 85 na 42. Taa ikianza kuwa ya zambarau imezeeka, nunua mbili pamoja. Na angalia kimkono cha sensa kwenye ekseli ya nyuma. Mafundi wakibadilisha bushi hukiacha kinaning'inia, kompyuta inadhani gari limekaa vibaya, na taa zinaganda juu.

LED za kuchomeka ziko katikati. Zipo zenye chipu (vipande vinavyotoa mwanga) ndogo zilizokaa kulia na kushoto mahali palepale pa uzi, zikiwa na kikombe cha dimu, na zipo zenye chipu pana kila upande zinazomulika kama jiko. Lumeni za kwenye boksi usizisome. Soma wati: LED ya wati 25 ikitoa lumeni 2,500 imefanya kazi nzuri. Jaribio la uhakika ni la ukutani. Lenga halojeni zako kwanza, weka tepu juu ya mstari, kisha badilisha upande mmoja tu. LED ikichora mstari uleule na juu yake giza likabaki giza, unaweza kuendelea. Ukiona mawingu ya mwanga juu ya tepu, rudisha dukani; kushusha taa hakutaondoa mawingu hayo, kutakupunguzia mita tu. Zungusha pia ile pete yake hadi chipu zielekee kulia na kushoto kamili.

Hakikisha mfuniko wa nyuma unafunga. LED nyingi zina feni, na gari likitembea bila mfuniko barabara ya vumbi ya kiangazi, feni inakufa, chipu zinachemka, mwanga unapungua bila wewe kujua. Redio ikianza kuvuma ukiwasha taa, kidhibiti umeme cha LED hizo ni duni.

Kisheria, taa iliidhinishwa pamoja na aina ya globu yake. Ujerumani ilianza kuruhusu globu chache za LED mwaka 2020, kwa modeli za magari zilizotajwa moja moja. Anayetaka kuongeza mwanga bila utata achukue halojeni bora ya wati zilezile 60/55. Uzi wake umesukwa kwa kubana zaidi, unaona mbali zaidi, ila unaisha mapema, hasa kwenye mawimbi ya barabara za vumbi. Za bluu ziepuke: ile rangi inakula mwanga. Kwa LED na zenoni, chagua nyeupe ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4,300 hadi 5,000. Kuanzia 8,000 unalipia bluu na kuona kidogo.

Mshale kwenye kioo

Hili linawahusu zaidi watu wa Kigoma, kwa sababu Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Gari lililotengenezwa kwa barabara za huko, au taa ya mtumba iliyoletwa kutoka huko, inapandisha mwanga kulia. Ikiingia kupitia Manyovu, kule kupanda kunakwenda moja kwa moja machoni mwa anayekuja, na hakuna skrubu ya kugeuza. Kabla hujalipa, simama mbele ya taa uitazame. Yenye herufi E ndani ya duara (alama ya kuidhinishwa) ikiwa na mshale unaoelekea mkono wako wa kulia ni ya kuendesha kushoto. Yenye mshale wa ncha mbili ina kigeuzi nyuma. Isiyo na mshale kabisa, kama ina E, ni ya kuendesha kulia: iache. Taa za soko la Japani mara nyingi hazina E. Hizo zijaribu ukutani.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haimpi dereva haki ya kuwasha chochote alichofunga. Mbele ni mwanga mweupe, dimu zote mbili zifanye kazi, fulu ishushwe mnapopishana, na vimulimuli ni vya magari ya dharura. Taa za ziada za kwenye bampa zifungwe kwa rilei inayopata amri kutoka fulu, ili ukishusha kwenda dimu zizimike zenyewe. Zikiwa na swichi yake peke yake, siku moja utasahau. Zile za LED ndefu juu ya paa zinamulika boneti yako mwenyewe na vumbi lililo mbele yako. Zifunike kwa kava uwapo lami, na kama gari halifanyi kazi porini, sioni sababu ya kuzifunga.

Ukibadilisha springi za nyuma, ukiongeza jani, ukiweka matairi makubwa au ukibadilisha bampa baada ya ajali, pima tena. Fanya hivyo pia baada ya kubadilisha globu, hata kama ni ya aina ileile, kwa maana H4 ikikaa kombo kwenye klipu yake mstari unahama.